Kiambishi -me- Hakihesabu Siku

Shule nyingi, kuanzia Ruiru hadi Thika, zinawakaririsha watoto kwamba -me- ni ya jambo lililotendeka muda mfupi uliopita, na -li- ni ya jambo la kale. Fundisho hilo si kweli, na linawaharibia Kiswahili.

"Jirani ameoa." Ndoa hiyo inaweza kuwa ya wiki hii au ya miaka 30. Kinachosemwa ni kwamba mtu huyo ana mke leo. Jina "hali timilifu" inalopewa -me- ni zuri. Maelezo yanayobandikwa juu yake ndiyo mabovu. Tazama na upande wa pili: "Alikuwa hapa sasa hivi." Hiyo ni -li-, na anayetajwa huenda hajafika hata kwenye kona.

Ukaribu wa jambo hubebwa na vielezi: punde, sasa hivi, leo asubuhi, jana, juzi, majuzi. Pale stendi ya Thika, manamba akisema "Gari imetoka", unajua tu kwamba haipo. Akiongeza "sai", yaani sasa hivi, ndipo unapojua umeikosa kidogo tu.

Kwa nini uongo huu umeota mizizi hapa hasa? Naamini sababu mojawapo ni Gĩkũyũ, lugha ambayo kitenzi chake chenyewe hutenga tendo la leo, la jana na la zamani. Ni utajiri mkubwa. Mtoto anayeusikia nyumbani hutafuta nafasi yake katika Kiswahili, na shule inamkabidhi -me-. Basi anaandika "Nimeenda Ruiru jana", kwa sababu jana si mbali, halafu anakatwa alama kwa kufuata kanuni aliyofundishwa. Hilo ni dhuluma.

Kila lugha ina njia yake ya kuonyesha ukaribu, na hata ndani ya lugha moja, kama Kihispania, njia hutofautiana. Kwa jambo la leo, msemaji wa Madrid huwa anabadilisha umbo la kitenzi: "he llegado", nimefika. Wa Buenos Aires husema "recién llegué": kitenzi cha wakati uliopita, na kielezi "recién" kikitangulia kuonyesha kwamba ndiyo kwanza amefika.

Wachapishaji wa vitabu vya marudio wafute maneno "muda mfupi uliopita" kwenye maelezo ya -me-. Na mwalimu anaposahihisha "Nimeenda Ruiru jana", amweleze mtoto sababu halisi: "jana" inalifungia tendo katika siku iliyokwisha, ilhali -me- inazungumzia hali iliyopo sasa.