Makelele ya Shetani, au Sauti ya Mfungwa?

Liko neno moja lililokuwa rahisi mno vinywani mwetu hapa Kisangani, nalo ni neno "shetani". Kijana akipiga gitaa la umeme kwa nguvu kupita desturi, akachanganya ndombolo na roki nzito ya ng'ambo, ati ni shetani. Akifuga nywele, shetani. Akivaa nguo zilizochanwa kwa makusudi, basi huyo ndiye shetani kabisa, na mama fulani wa jumuiya atapiga alama ya msalaba njiani kana kwamba amekutana na jeneza. Leo nataka kubishana na neno hilo. Tena nataka kubishana na waandishi wetu wa magazeti na wa radio, maana sehemu yao katika kosa hili si ndogo.

Tuchukue mfano ulio karibu. Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, ni mchezaji na mtungaji wa ngoma za jukwaani. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako huko Kinshasa, na baadaye akaileta hapa Kisangani. Mwaka 2009 alitoa kazi iitwayo "more more more… future", yaani kuomba wakati ujao, uzidi na uzidi tena. Mwenye kuongoza muziki alikuwa Flamme Kapaya, mpiga gitaa yule yule tuliyemsikia zamani katika kundi la Werrason, Wenge Musica Maison Mère. Yeye na wenzake walichukua ndombolo, ngoma ya kutikisa kiuno, wakaigonganisha na panki, ile roki ya hasira ya vijana wa Uingereza.

Vijana wale wa London, karibu mwaka 1977, walitangaza kwamba wakati ujao haupo. Walikuwa na nyumba nzima, wakatamani kuivunja. Lakini mwenye nyumba iliyokwisha bomoka hatafuti nyundo! Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita katika mitaa yetu, wakipigania mji usio wao, na makombora zaidi ya 6,000 yalituangukia. Mamia ya raia walikufa. Je, mtoto aliyelala chini ya kitanda siku zile, leo akishika gitaa, mwataka apige kinanda cha pole pole tu?

Na maneno ya nyimbo hizo, ni ya nani? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ni mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula tangu ujana. Vumilia alikamatwa mwaka 2001 baada ya kuuawa Rais Laurent Kabila, na mwezi Januari 2003 baraza la askari likamhukumu kifo pamoja na wengine wengi. Alikuwa Makala, gereza la Kinshasa, alipoyaandika maneno yale. Basi, muziki mliouita makelele ulikuwa umebeba sauti ya mtu aliyengoja kufa gerezani. "Nilikuwa kifungoni, mkanijia," ndivyo asemavyo Bwana wetu katika Injili ya Mathayo. Wapiga gitaa hao walikwenda, kwa namna yao. Sisi tulikuwa wapi?

Kazi hiyo ilitembea Ulaya, na mwaka 2011 ikafika hata New York, na magazeti ya huko yakaieleza. Sasa nenda parokiani kwako, uulize ni wangapi wanaojua kwamba ndombolo ya namna hiyo ilipata kuwako, na kwamba nyumba iliyoizaa iko mji huu huu. Usishangae ukijibiwa kwa kuinuliwa mabega.

Sababu yake kila mtu aijua, ila hatupendi kuisema kwa sauti. Ni ile desturi ambayo waandishi wa Kongo wenyewe huiita "coupage": mwenye sherehe hutoa bahasha, na mwandishi hutoa sifa. Asiye na bahasha hana habari. Na wanamuziki wakubwa wanayo desturi yao iliyo ndugu wa hiyo, yaani kutupa mabanga: tajiri au mkubwa wa serikali analipa, na jina lake linaimbwa katikati ya wimbo. Hivyo mkubwa amlipa mwimbaji amsifu, na mwimbaji amlipa mwandishi amsifu, na msomaji anunua gazeti akidhani amepata habari. Kundi la roki nzito, lenye kupiga katika ua wa nyumba kwa vipaza sauti vya kuazima, litapata wapi pesa ya kuingia katika mzunguko huo? Sikatai kwamba mwandishi naye ana njaa, na kwamba mshahara wake mara nyingi ni jina tu. Lakini njaa hiyo ingemfanya awahurumie wenye njaa wenzake, wala si kuwafungia mlango.

Mara nyingine gazeti humkumbuka kijana wa namna hii siku ya kumshtaki tu. Twaona mfano Uganda. Septemba 2018, Simon Lokodo, waziri wa maadili, ambaye zamani alikuwa padri, alipiga marufuku tamasha la muziki la Nyege Nyege, kule Jinja. Magazeti yakajaa marufuku hayo, na baada ya siku chache serikali ikaruhusu tamasha kwa masharti. Mwaka 2020, watu wa Nyege Nyege walitoa sahani ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliochanganya roki kali kupita kiasi na ngoma za mashine. Mimi binafsi naona sahani hiyo ni nzito kwa masikio yangu, na sitaipiga wakati wa chakula. Haidhuru. Masikio yangu hayakuwekwa kuwa kipimo cha dhambi.

Wengine husema: ubaya wake ni kuchanganya. La hasha! Sisi Wakatoliki wa Kongo ndio tusemao hivyo? Ngoma zetu ziliitwa za kipagani na kufukuzwa mlangoni pa kanisa. Kisha mwaka 1958 Missa Luba ya Padri Guido Haazen, iliyotoka Kamina, ikachanganya Kilatini na sauti za Kiluba, na dunia nzima ikasikiliza. Mwaka 1988 Roma yenyewe ilikubali Misa kwa desturi ya majimbo yetu, yenye ngoma na kucheza mbele ya altare. Waliotangulia kulaani wangalishinda, leo tungalikuwa tumekaa kimya kama mawe.

Wala lawama ya ushetani si mzaha katika nchi hii. Twajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, hata sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto ikalazimika kukataza lawama hiyo kwa adhabu. Ulimi uliozoea kumwita mpiga gitaa shetani siku ya Jumamosi hauko mbali na kumwita mtoto wa jirani mchawi siku ya Jumatatu.

Sisemi kila kelele ni takatifu. Ziko nyimbo za matusi, na ziko ngoma zenye kukesha karibu na wagonjwa, ingawa kwa kukesha huko makanisa ya usiku na vipaza sauti vyao yawashinda wanaroki wote kwa mbali. Anayeimba matusi akemewe, na yaandikwe maneno aliyoyaimba, si nywele zake. Hili ndilo ninalolidai kwa waandishi wetu: waende bila bahasha, wasimame mpaka mwisho wa wimbo, waulize ni nani aliyetunga maneno, na kwa sababu gani.

Wangeuliza hivyo, wangekuta habari ya ajabu. Vumilia alitoroka Makala akapata kimbilio Uswidi, na mwaka 2012 alisimama yeye mwenyewe jukwaani katika kazi nyingine ya Linyekula, "Sur les traces de Dinozord". Katika kazi hiyo gitaa la Jimi Hendrix lasikika pamoja na sauti za kwaya ya hapa kwetu Kisangani, kwaya yenye jina la Mtakatifu Karoli Lwanga.