Amana Iliyomo Ghalani na Majina ya Wasimamizi Wake

Katika kila hospitali kubwa, benki, chuo kikuu na idara ya serikali iliyokwisha kuyatoa majalada yake makabatini na kuyatia katika kompyuta, mna chumba kimoja chenye ubaridi wa daima, ambamo zimewekwa mashine zisizo na kazi nyingine illa kuhifadhi: diski zimepangwa safu juu ya safu, na ndani yake mna picha za eksirei, hesabu za akiba, matokeo ya mitihani na hati za viwanja vya watu wasiowahi kuziona mashine hizo wala kusikia habari zake. Si lazima wazione. Lakini ni haki yao kujua kwamba wapo watu wachache waliopewa mamlaka yasiyo na mpaka juu ya ghala hilo, na kwamba mamlaka hayo aghalabu hutolewa kwa mstari mmoja tu wa maandishi.

Katika mashine za NetApp, ambazo zimeenea katika nchi nyingi, fundi huandika amri ya security login create, kisha akataja jina la mtu, njia atakayoingilia, namna atakavyothibitishwa na cheo atakachokuwa nacho. Akiandika readonly, mtu yule atautazama mpangilio wala hataubadili. Akiandika admin, amemruhusu kila jambo, hata kulifuta ghala zima. Na kwa kuwa taasisi kubwa haina mashine moja bali kadhaa, mafundi wameacha kuirudia amri hiyo kwa mkono, nao huandika skripti, yaani amri zilizofuatana katika faili moja, ambayo husoma orodha ya mashine na kuunda akaunti ile ile katika kila moja kwa kitambo kifupi.

Mimi ni miongoni mwa wanaoiunga mkono kazi ya skripti, na sababu yangu si wepesi wake. Amri iliyochapwa usiku na fundi aliyechoka haina aliyeisoma kabla haijatekelezwa. Bali skripti ni hati, na hati yaweza kusomwa na mtu wa pili, ikakosolewa, ikatiwa tarehe na jina la aliyeiidhinisha, na ikabaki kuwa shahidi siku itakapoulizwa nani alimpa nani mamlaka, na kwa ajili gani. Tena ni dhahiri kwamba hati hiyo hiyo, ikiandikwa bila hadhari, hueneza taksiri moja katika mashine zote kwa mara moja.

Taksiri ya kwanza haihitaji maneno mengi. Amri niliyoitaja humtaka fundi achape neno la siri mara mbili, bila ya kulionyesha katika kioo. Wako watungao skripti kwa haraka, wakaikwepa hekima hiyo kwa kutafuta njia nyingine ya kuliandika neno hilo waziwazi ndani ya faili, na faili ikapelekwa kwa mwenzao kwa barua pepe.

Lililo zito zaidi ni jina. Skripti nyingi huunda akaunti moja iitwayo admin au storage, wakaitumia mafundi watano kwa pamoja, na daftari la ukaguzi likaandika kwa uaminifu kwamba saa nane usiku admin alifuta jalada la wagonjwa. Admin ni nani? Hakuna awezaye kujibu, na kila mmoja wa wale watano ana udhuru wake. Watengenezaji nao hawakusalimika na kosa la namna hii: mwezi wa Desemba mwaka 2010 ilifichuka kwamba mashine za HP za aina ya P2000 G3 zilikuwa na akaunti ya msimamizi isiyoonekana katika orodha ya watumiaji, yenye neno la siri linalojulikana, na kampuni ikawaelekeza wateja walibadilishe kwa mstari wa amri.

Wala simaanishi kwamba mamlaka yote yawekwe kwa mtu mmoja kwa kuwa jina lake linajulikana. Mji wa San Francisco ulikiona kisa hicho mwaka 2008, pale mhandisi aliyekuwa peke yake na maneno ya siri ya mtandao wa manispaa alipokataa kuyatoa, akatiwa mbaroni, na hakuyatoa mpaka Meya Gavin Newsom alipomfuata mwenyewe gerezani. Basi majina na yawe mawili au matatu, na pawe na akaunti ya dharura ambayo neno lake la siri limefungwa katika bahasha ndani ya sefu.

Tena kuna kuondoka. Katika mashine hizo za NetApp, ruhusa ya kuingia kwa ssh, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali, huandikwa mbali na ruhusa ya kuingia kwa kivinjari; fundi akihama kazi, na aliyeamrishwa kumwondoa akafuta ile ya ssh peke yake, yule aliyehama angali anaweza kuingia kwa njia ya pili, mkubwa wake akiamini kwamba amekwisha kuondolewa. Ndiyo maana nasema skripti ya kuunda akaunti isikubaliwe pasipo skripti ya kuifuta, zimeandikwa pamoja na kujaribiwa pamoja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 juu ya ulinzi wa taarifa za watu zimewapa wanaozitunza wajibu wa kuzilinda, na wajibu huo ni wa mkurugenzi kabla haujawa wa fundi. Hahitaji elimu ya kompyuta ili autimize. Na amwite fundi wake mkuu, amtake aandike security login show mbele yake, au amri inayolingana nayo katika mashine walizo nazo, na orodha itakayotokea isomwe jina kwa jina kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huu. Majina ya programu, mfano zile zinazonakili data usiku, yaandikiwe mtu wa kuwajibika nayo. Akaunti ya dharura ithibitishwe kwa bahasha yake. Na kila jina lingine lisilo na mwenyewe lifutwe, kwa njia zake zote, kabla fundi hajainuka kitini.