Nani Mheshimiwa?

Neno la Kiingereza *honourable*, ambalo Bunge la Kenya lilirithi kwa Mwingereza, maana yake ni mtu anayestahili heshima. Sisi tukasema mheshimiwa, yaani anayeheshimiwa, na huko kustahili kukapotea njiani. Hata mwizi mwenye walinzi huheshimiwa. Au tuseme huogopwa.

Mbunge huitwa hivyo tangu siku ya kuapishwa, kabla hajatenda lolote. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 73, yasema madaraka ni amana ya umma: aliyepewa ana wajibu wa kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala, na yampasa kuiletea nchi heshima. Kuileta, si kuidai. Mei 2013 wananchi walipeleka nguruwe hadi lango la Bunge kwa sababu wabunge walitaka kujiongezea mishahara.

Nasi viongozi wa walei tumo. Ni nani humwekea mheshimiwa kiti cha mbele, akamkabidhi kipaza sauti Misa ikiisha, ilhali bibi kizee aliyelima shamba la parokia amesimama mlangoni? Jumapili ijayo kabla ya kumpa kipaza sauti, tumwulize mbele ya wote: fedha za hazina ya eneo bunge zimejenga nini hapa kwetu?