Mama Kanali na Kamera ya Mwana wa Kisangani

Familia ya askari haihitaji kuelezwa maana ya uhamisho. Barua inafika, sufuria zinafungwa, watoto wanaondolewa shuleni katikati ya muhula, na mke aliyekwisha kuzoea soko la Muyinga analazimika kujifunza upya bei za Gitega. Aghalabu anayehamishwa ni baba. Katika filamu ya Maman Colonelle, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 2017, anayehamishwa ni mama.

Jina lake ni Honorine Munyole, kanali katika polisi ya Kongo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 44, mjane mwenye watoto saba, wanne wa kuzaa na watatu wa kulea. Aliongoza kikosi kidogo cha polisi cha kuwalinda wanawake na watoto waliodhulumiwa. Anapotakiwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, wanawake aliowahudumia wanamsihi kwa machozi asiwaache. Hakuna aliyefundishwa kuyalia machozi hayo, kwani hii ni filamu ya maisha halisi wala haina mwigizaji.

Aliyeshika kamera ni Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984. Alianza na masomo ya sayansi ya tiba, kisha akaingia katika mafunzo ya filamu. Kazi zake za mwanzo zilitoka mwaka 2010 katika mkusanyiko wa filamu fupi nne uitwao Congo in Four Acts, uliotayarishwa kwa msaada wa watengenezaji wa Afrika Kusini. Mojawapo, aliyoitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala, huonyesha wazazi wa Kinshasa waliokwisha kujifungua lakini hawaruhusiwi kurudi nyumbani mpaka deni la hospitali lilipwe. Wasomaji wa Burundi wataielewa bila mkalimani. Kabla ya Mei 2006, serikali ilipofuta malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, hospitali za Burundi nazo zilikuwa na wagonjwa waliozuiliwa kwa ajili ya deni.

Baadaye zikafuata Atalaku ya mwaka 2013, juu ya mhubiri maskini anayewapigia debe wanasiasa wakati wa uchaguzi wa Kongo wa 2011, na Examen d'État ya mwaka 2014, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa bila kuwa na ada. Zote mbili zilituzwa Paris. Sehemu ya fedha za kutengenezea filamu hizi ilitoka ng'ambo, lakini nyuso na lugha ni za huku kwetu.

Hamadi mwenyewe ndiye apigaye picha. Katika filamu zake hamna sauti ya msimulizi inayomwambia mtazamaji afikiri nini. Hukaa na watu siku nyingi hata wakaisahau kamera, na kwa hiyo mtu huonekana jinsi alivyo, akiwa amechoka au amekasirika.

Ndivyo alivyomwonyesha Mama Kanali. Amevaa sare ya buluu, na mkoba wake unaning'inia mkononi kama wa mama yeyote aendaye sokoni. Huko Kisangani anakuta kituo chenye upungufu wa kila kitu. Anawatangazia wananchi kwamba kumpiga mke na kumtesa mtoto ni makosa ya jinai. Anawaokoa watoto walioteswa kwa kisingizio kwamba ni wachawi. Kisha anakwenda sokoni kuwaombea chakula watu aliowapa hifadhi, na wachuuzi wanamjibu kwa malalamiko: hiyo si kazi ya serikali? Swali hilo lilikuwa la haki, na kanali hakuwa na fungu la kulijibu. Filamu haikumficha aibu hiyo, wala haikuidhihaki sare yake. Mwaka huo wa 2017 ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris.

Askari wa Gitega anaweza kuilinganisha na kazi anayoijua. Kituo cha Humura kilifunguliwa mjini humo mwaka 2012 ili mwanamke aliyebakwa au kupigwa apate daktari, mshauri, mwanasheria na polisi mahali pamoja, asilazimike kukisimulia kisa chake mlango kwa mlango. Mfano huo ulipelekwa pia Muyinga, Makamba na Cibitoke, na sheria maalumu dhidi ya ukatili wa kijinsia ikatolewa Septemba 2016. Mama Kanali hakuwa na jengo la namna hiyo. Yeye aliwatafutia watu wake nyumba kwanza, na mambo mengine yakafuata.

Miongoni mwa waliomjia walikuwapo wanawake waliokuwa na jeraha la zamani zaidi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa silaha nzito. Raia waliuawa kwa mamia, wengine wakapoteza mikono na miguu. Hamadi alikuwa kijana wa mji huohuo, naye hakuliacha jambo hilo lipite. Filamu yake En route pour le milliard ya mwaka 2020 inawafuata wahanga wa vita hivyo, baadhi yao wakitembea kwa miguu ya bandia, wanaposafiri kwa boti kuteremka Mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea njiani, turubai linavuja, na wakifika makao makuu milango haifunguki upesi. Nyumba zenye askari aliyerudi vitani na kiungo pungufu zitaitazama sehemu hii kwa macho yao wenyewe.

Filamu hiyo iliteuliwa kwa tamasha la Cannes la 2020, ambalo halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya korona, na mwaka huohuo ikapata Njiwa wa Dhahabu mjini Leipzig, Ujerumani.

Milioni elfu za dola zilizotajwa katika jina lake ndiyo fidia waliyoitumaini wahanga. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kuamua mwaka 2005 kwamba Uganda iilipe Kongo, lakini kiasi kilitajwa Februari 2022 tu: dola milioni 325 kwa jumla, ambazo milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu, si Kisangani peke yake bali kote ambako vita vilifika. Fungu la kwanza, dola milioni 65, lililipwa Septemba mwaka huo, miaka 22 baada ya zile siku sita.