Jina la Ngege Lisibaki Bila Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa samaki walio jamaa, hatari kubwa si vita bali ndoa.

Ngege asilia, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, alikuwa nguzo ya uvuvi wa Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20. Uvuvi ulipompunguza, tilapia wa Nile aliletwa katika miaka ya 1950 ili kuziba pengo. Jamaa hao walishindania chakula na mazalio, kisha wakazaliana na kuleta chotara. Mbuta naye, aliyepandikizwa muongo uo huo, akazidisha maangamizi. Leo ngege halisi ni adimu mno ziwani. Amesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya. Sokoni, jina lake huvishwa tilapia wa Nile.

Wapo wanaoshikilia kwamba samaki wanaofanana hawadhuriani. Hoja hiyo haina mashiko. Mfugaji wa Rongo anayetaka aina mbili katika bwawa moja na achanganye tilapia na kambare mdogo: hawazaliani, na kambare hula vifaranga vya tilapia vinavyosongamana. Lakini ngege na tilapia wa Nile watengewe mabwawa mbalimbali, na vifaranga vya kigeni visitiwe Kanyaboli abadan.

Tukilipuuza jambo hili, tutabaki na neno katika kamusi lisilo na samaki majini.