Diski haichoki kuzunguka, jamani!

Wadau, kuna mafundi hapa Ifakara bado wanahubiri: "Weka diski isimame kila baada ya dakika kumi, ipumzike." Ipumzike? Kwani ni punda?

Diski nyingi za kompyuta za mezani zilitengenezwa kuhimili kusimama na kuwaka mara 50,000. Mara 40 kwa siku, miaka minne haifiki umezimaliza. Mwaka 2007 Google walitoa matokeo ya diski zaidi ya 100,000: kazi nyingi haiziui kama tunavyodhani.

Maji ya Kihansi yanafua umeme kisha yanamwagika bondeni kwetu, lakini umeme wenyewe unakatika bila hodi. Misukosuko hiyo inatosha! Ukienda kulala, zima. Ukiwa kazini, iache izunguke.

Na nakala ya pili ya kazi zako, unayo?