Ramani Zetu Zisifungiwe Kabatini

Mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kuruka juu ya minazi ya Unguja na mapaa ya Mji Mkongwe. Hazikuja kupeleleza. Ulikuwa mradi wa Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ukisaidiwa na Benki ya Dunia, na miongoni mwa waliozirusha walikuwa vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Unguja na Pemba, kilomita za mraba zaidi ya 2,300, zilikusudiwa kupigwa picha, na picha zikawekwa wazi ili kila mtu azitazame na kuzitumia bila ya malipo.

Kitendo hicho kilistahili sifa, tena kubwa, kwani zipo serikali zenye fedha kuliko yetu ambazo hadi leo zinaihesabu ramani kuwa siri ya ofisi.

Huko Asia, India ilipitisha sera ya kutoa takwimu za serikali mwaka 2012, na Korea Kusini ikatunga sheria mwaka 2013. Lakini sisi twaona mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Indonesia, nchi ya visiwa, ambayo Rais wake aliagiza mwaka 2019 kwamba takwimu za idara zote zifuate kipimo kimoja. Kwani ipo faida gani ya kufungua milango iwapo wizara mbili zatoa hesabu mbili za shamba moja?

Hapa kwetu tatizo ni jingine. Picha zi wazi kwa mwenye kompyuta na intaneti ya nguvu. Sheha anayeulizwa kila masika ni bonde gani lisijengwe, atafaidika vipi ikiwa hana ramani ukutani? Na mwananchi anayekwenda kuuliza, akaambiwa aandike barua, je? Wapo maofisa, twaamini, wanaoogopa maswali kuliko mafuriko.

Hatusemi kila jalada lifunguliwe. Jina la mgonjwa na mirathi ya familia ni mambo ya kusitiriwa. Bonde la maji halina siri.

Tena picha huzeeka. Palipokuwa na mihogo wakati ule, leo huenda pana nyumba. Tunaiomba Serikali iwarejeshe kazini vijana iliowafundisha, na kila sheha, tangu Nungwi hadi Makunduchi, apewe ramani ya karatasi ya shehia yake, iliyoandikwa mwaka iliyopigwa, ibandikwe barazani.